Mgeni, Bahari na Kicheko: Uhakiki wa Masimulizi ya Lafcadio Hearn, Mwalimu Mgeni Nchini Japani

UTANGULIZI

Miongoni mwa tanzu ambazo wahakiki wa Kiswahili wamezipa kisogo, masimulizi ya safari ni mojawapo. Tumeandika mengi juu ya utenzi, shairi, riwaya na tamthilia. Tumebishana juu ya fani na maudhui, juu ya vina na mizani, na juu ya wajibu wa mtunzi katika jamii yake. Lakini mtu anaporudi kutoka ugenini na kuandika aliyoyaona, sisi huyasoma maandishi yake kama habari tu, tukamwachia mwanahistoria ayapime. Hili ni kosa. Msafiri anayeandika ni msanii kama wasanii wengine: huchagua, huacha, hupanga na hupamba, na mara nyingi lile aliloliacha huwa na uzito kuliko alilolisema.

Katika makala haya nakusudia kuyahakiki masimulizi ya mwalimu mmoja mgeni, Lafcadio Hearn, aliyefundisha Kiingereza nchini Japani kuanzia mwaka 1890, na hasa yale yanayohusu safari na masaibu yake ya majira ya joto, wakati shule zilipofungwa naye akapata nafasi ya kutembea. Swali litakalotuongoza ni hili: mgeni anapopatwa na kioja katika nchi ya watu, hukifanya nini kioja hicho katika maandishi yake? Hukisimulia, hukificha, au hukigeuza kuwa kitu kingine? Na anapocheka, humcheka nani? Nitadai kwamba Hearn, pamoja na ufundi wake mkubwa na mapenzi yake ya kweli kwa Japani, ana tabia ya kuyageuza masaibu yake kuwa maajabu ya wenyeji; na kwamba maandishi yake hufikia ukweli wake wa juu pale tu anapokubali kwamba yeye naye anatazamwa.

Huenda msomaji akauliza: Japani inatuhusu nini sisi walimu wa lugha za Kiafrika? Jibu nitalitoa kwa urefu mwishoni. Kwa sasa yatosha kukumbusha kwamba wageni huja pwani yetu kujifunza Kiswahili kwa majuma machache, wakarudi kwao na madaftari yaliyojaa. Sisi ndio tunaowafundisha na kuwasahihishia. Tusipojua kuyasoma maandishi ya aina hii yanapohusu watu wengine, tutakuwa na neno gani la kusema yanapotuhusu sisi wenyewe?

1. SUALA LA NENO "KIANGAZI"

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kutatua tatizo dogo la istilahi. Wafasiri wetu wamezoea kuyaita majira ya joto ya nchi za kaskazini kwa jina la "kiangazi". Kwa mtu wa pwani, hata hivyo, kiangazi ni wakati wa jua kali na ukavu, kaskazi ikivuma, kabla ya masika. Kiini cha neno hilo ni ukavu pamoja na joto. Majira ya joto ya Japani ni kinyume cha hayo. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Honshu huyaanza kwa mvua, ambazo Wajapani huziita tsuyu, tangu Juni hadi katikati ya Julai. Baadaye huja joto lenye unyevu mwingi, na mwishoni tufani za baharini. Aidha, mwezi wa Agosti, Mjapani anapojipepea, mtu wa Lamu yumo katika kusi na baridi ya kipupwe. Msomaji akiambiwa "kiangazi cha Japani" atawaza vumbi na visima vilivyokauka, na hapo atakuwa amekwisha kupotea. Kwa sababu hiyo nitatumia "majira ya joto", ingawa ni refu.

Jambo hili si la kamusi tu. Majira hayo ndiyo yenye sikukuu ya Bon, ambapo wafu huaminiwa kurudi nyumbani kwao, wakawashiwa taa, wakaandaliwa chakula, wakachezewa ngoma, kisha wakasindikizwa kurudi walikotoka. Kwa hesabu ya kale ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Baada ya Japani kuichukua kalenda ya Kizungu mwaka 1873, sehemu nyingi zikaiweka mwezi wa Agosti. Basi majira ya joto ni majira ya wageni. Wafu ni wageni wanaoijua njia, na wenyeji wanajua namna ya kuwapokea na kuwaaga. Mwalimu kutoka ng'ambo ni mgeni wa aina nyingine: njia haijui, wala haijulikani ataondoka lini. Hearn aliwasili kazini kwake katika siku hizohizo, na tangu hapo wageni hawa wa aina mbili hawaachani katika maandishi yake.

2. MWALIMU NA MAHALI PAKE

Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mama yake Mgiriki na baba yake daktari wa jeshi, mtu wa Ireland. Alilelewa Dublin na mama mkubwa wa ukoo wa baba. Akapofuka jicho la kushoto akiwa kijana shuleni. Akaenda Marekani mwaka 1869, akawa mwandishi wa magazeti Cincinnati na New Orleans, kisha akaishi katika kisiwa cha Martinique. Alifika Yokohama Aprili 1890 akiwa na kazi ya kuandikia jarida la Kimarekani, lakini akagombana na waajiri wake mara. Ndipo akatafutiwa kazi ya kufundisha Kiingereza katika mji wa Matsue, mkoa wa Shimane, kwa mshahara wa yen 100 kwa mwezi, fedha nyingi sana kwa mji ule. Baada ya Matsue alifundisha Kumamoto tangu 1891 hadi 1894, na katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo tangu 1896 hadi 1903. Mwaka 1896 alikubaliwa uraia wa Kijapani kwa jina la Koizumi Yakumo, na mwaka 1904 akafariki.

Mshahara huo usitupite. Wahakiki wanaomsifu Hearn humsawiri kama mhujaji aliyevutwa na uzuri wa Mashariki. Kwa hakika alikuwa mtu wa miaka arobaini asiye na kazi, aliyepata mkataba wa mwaka mmoja. Serikali ya Meiji iliwaajiri wageni kwa sababu ilitaka maarifa yao, na ilikuwa na nia ya kuwaondoa mara tu wenyeji watakapoweza kuzishika kazi zao. Hearn alilijua hilo, na sura yake juu ya shajara ya mwalimu wa Kiingereza, inayoanza Septemba 1890, inaonyesha mtu makini mwenye kuwajali wanafunzi wake, akiyasoma maandiko yao kwa heshima na kuwaomboleza wawili waliofariki. Humo hamna miujiza. Mna madarasa, insha na mitihani. Ni miongoni mwa sura bora za kitabu chake cha kwanza juu ya Japani, Glimpses of Unfamiliar Japan, kilichotoka mwaka 1894 katika majuzuu mawili. Wakati wa likizo mwalimu huyu hubadilika. Akitoka darasani huiacha kalamu ya mwalimu nyumbani, akachukua nyingine.

3. NGOMA YA USIKU

Tuanze na safari ya kwenda Matsue, mwishoni mwa majira ya joto ya 1890. Hearn anavuka milima kwa gari la kukokotwa na watu, pamoja na kijana Akira, mkalimani wake. Usiku mmoja, katika kijiji cha Hoki, anapelekwa kwenye ua wa hekalu kuitazama ngoma ya Bon. Maelezo ya usiku ule ni ya hali ya juu kabisa. Wachezaji wanasogea taratibu katika duara, miguu haitoi sauti, mikono inapeperuka, makofi ni laini mno. Mtazamaji anahisi kwamba amevuka mpaka, kwamba anaowaona si watu wa dunia hii. Kisha kengele ya hekalu inalia. Ngoma inakatika papo hapo. Wasichana wanacheka, wanazungumza, wanavaa viatu vyao vya mti na kwenda zao huku wakiagana. Hearn anakiri kwamba aliona kinyongo kidogo kwa kuwa wale viumbe wa ajabu wamegeuka mara moja kuwa wasichana wa shamba.

Wahakiki wengi hupita juu ya kinyongo hiki wakakimbilia uzuri wa ngoma. Mimi naona ndicho kiini cha sura yote. Kicheko cha wasichana wale ndicho kitu pekee katika usiku ule ambacho mwandishi hakukitunga. Wamecheza ngoma ya wafu wao, wajibu wameutimiza, sasa wanarudi kulala kwa sababu kesho kuna kazi. Ukimya ulikuwa wa ibada. Haukuwa wa siri. Hearn aliuchukua ukimya huo akaupa maana ya kwake, na wenyewe walipofungua vinywa aliona kama wamemharibia kitu alichokimiliki. Sifa yake kubwa ni kwamba aliandika kinyongo kile. Mwandishi mwongo angekifuta.

Nitatoa mfano wa karibu. Miaka michache iliyopita nilimsahihishia mwanafunzi mmoja wa ng'ambo insha juu ya majuma yake Mji wa Kale wa Mombasa. Alimweleza bibi mmoja wa nyumba ya jirani kuwa ni mkimya, mwenye siri nzito machoni, kama kwamba amebeba karne nyingi za bahari. Insha ilikuwa nzuri, nami nikaipa alama nzuri. Baadaye nilikutana na bibi huyo, nikamwamkia, nikamuuliza juu ya kijana yule. Alicheka. "Mwanangu," akaniambia, "yule alikuwa akipita hapa kila siku haniamkii. Ningemwitikia nini?" Tangu siku hiyo, kila nisomapo juu ya ukimya wa wenyeji katika kitabu cha msafiri, huuliza kwanza kama msafiri aliamkia.

4. BAHARI YA WAFU

Masimulizi mawili ya bahari yanatuwezesha kupima jinsi Hearn alivyokua kama mwandishi. La kwanza ni la majira ya joto ya 1891, alipotembea pwani ya Hoki katika siku za Bon. Bahari imechafuka, na anaelezwa kwamba siku hiyo si ya kwenda majini: maji ni njia ya wafu wanaorejea kwao, na aendaye huenda asirudi. Anatii. Usiku, katika nyumba ya wageni, anasimuliwa kisa cha mfarishi uliosikika ukizungumza kwa sauti za watoto wawili, ndugu, waliokufa kwa baridi baada ya kunyang'anywa kila kitu, kila mmoja akimuuliza mwenziwe kama anahisi baridi. Mwishoni mwandishi anaota ndoto ya mwanamke wa huko ambaye wimbo wake una mlio wa Kikelti, wa nchi ya utoto wa Hearn mwenyewe.

Tazama mfuatano huu. Mgeni alikatazwa kuogelea: hilo ni jambo dogo la safari. Lakini kukatazwa kunafungua mlango wa imani, imani inaleta kisa, na kisa kinamrudisha mwandishi kwake mwenyewe, mtoto aliyetengwa na mama yake angali mdogo. Kisa cha watoto wanaoulizana juu ya baridi kilimgusa pale penye kidonda. Hapa hatuna tena Mashariki ya maajabu. Tuna mtu anayesikia huzuni yake ikisemwa kwa lugha ya watu wengine. Katika fasihi ya safari sijui kipimo bora kuliko hiki.

La pili ni la Yaizu, kijiji cha wavuvi ambako Hearn alipumzika takriban kila majira ya joto tangu 1897, katika nyumba ya muuza samaki aitwaye Otokichi. Katika kitabu chake cha 1899, In Ghostly Japan, anasimulia usiku wa kuwaaga wafu, ambapo taa ndogo huelezwa majini ziwaongoze. Alilala usingizi, alipoamka sherehe ilikuwa imekwisha na taa zilikuwa zimekwenda mbali. Basi yeye, mwogeleaji hodari, akajitosa baharini gizani kuzifuata. Anazitazama kwa karibu zikiachana moja moja, anawaza kwamba maisha ya binadamu ndiyo hayohayo, kisha hofu inamshika katika maji meusi, anarudi ufukweni.

Kitendo hiki ni cha kustaajabisha. Mtu aliyetii mwaka 1891 sasa anaogelea katikati ya wafu wa wenyeji wake. Mhakiki mkali atasema ni ufidhuli wa mgeni aliyekosa adabu ya sherehe, na hatakuwa amekosea kabisa. Hata hivyo, simulizi lenyewe limejengwa juu ya kosa: kosa la kuchelewa, la kulala wakati wenyeji wanaaga. Hearn halifichi. Anafika baada ya jambo kwisha, na kwa kuwa amechelewa analazimika kuhangaika peke yake nyuma ya taa ambazo hazikuwashwa kwa ajili ya watu wake. Hakuna picha ya kweli zaidi ya hali ya mwalimu mgeni. Ameishi nchini miaka mingi, ana mke, watoto na uraia, na bado anaogelea nyuma.

5. MGENI ANAPOTAZAMWA

Mwaka 1892 Hearn alisafiri hadi visiwa vya Oki kwa meli ndogo yenye joto na msongamano, akafika mahali ambako Mzungu alikuwa kitu kigeni kabisa. Watu wanakusanyika kumtazama. Nyumba ya wageni inazingirwa. Yeye aliyezoea kutazama hekalu, ngoma na bustani sasa amekuwa yeye ndiye hekalu. Kurasa hizi zina kicheko chepesi ambacho sura nyingine hazina. Mtungo wake unalegea, vivumishi vinapungua, na wenyeji wanapata nyuso mbalimbali badala ya uso mmoja wa "Mjapani". Nadhani sababu ni rahisi: mtu anayetazamwa hana nafasi ya kuota.

Hali kadhalika kisa cha Daruma wa Otokichi, katika kitabu cha 1901, A Japanese Miscellany. Kwenye rafu ya miungu ya nyumba ile kulikuwa na sanamu ya Daruma yenye jicho moja tu. Hearn alielezwa kwamba jicho la pili huchorwa siku baraka ipatikanapo. Alipolipa gharama za kukaa kwake, na kuongeza juu yake, alikuta asubuhi Daruma ana macho mawili. Msomaji anayejua maisha ya mtunzi hawezi kukisoma kisa hiki bila kulikumbuka jicho la Hearn mwenyewe, ambalo katika picha alizopigwa aligeuza uso lisionekane. Mwenye nyumba amempima mgeni wake, akatoa hukumu bila kusema neno. Mgeni ndiye baraka ya nyumba, na baraka hiyo ina kiasi chake cha fedha. Tusione haya kuyataja yote mawili, kwani Otokichi hakuona haya.

Hapa inafaa kumleta Natsume Sōseki, aliyepewa sehemu ya kazi ya Hearn katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1903 baada ya wanafunzi kulalamika juu ya kuondoka kwa mgeni wao. Sōseki naye alifundisha Matsuyama mwaka 1895, akafundisha Kumamoto katika shule ileile ya Hearn, na akaonja ugeni London tangu 1900 hadi 1902. Riwaya yake Botchan, ya mwaka 1906, ni ya mwalimu kijana wa Tokyo anayepelekwa kufundisha mji mdogo wa Shikoku. Si mgeni wa taifa, lakini ni mgeni wa kila kitu kingine. Anakula bakuli nne za tambi na kamba wa kukaanga. Asubuhi anakuta wanafunzi wameandika ubaoni jina la kumcheka. Anaogelea katika bafu la maji ya moto. Anakuta tangazo la kukataza kuogelea, na darasani pia habari imefika. Analala zamu bwenini. Anakuta kitanda kimejaa panzi.

Katika Botchan masaibu hubaki masaibu. Mji mzima una macho, na msimulizi hana pa kujificha. Kejeli inakata kuwili: tunawacheka watu wa mkoani kwa udogo wa mambo yao, na tunamcheka kijana wa mji mkuu kwa kujiona bora kuliko watu ambao wanamjua hata idadi ya bakuli zake. Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Sōseki amempa nyani kioo. Jambo hili Hearn aliliweza mara chache, na waliomfuata wameliiga zaidi kutoka kwa Sōseki kuliko kwake. Serikali ya Japani ilipoanzisha mpango wa JET mwaka 1987, vijana wengi wa ng'ambo walikwenda kufundisha lugha katika shule za mikoani, na maandishi yao yana kicheko hiki cha kujicheka. Learning to Bow cha Bruce Feiler, cha mwaka 1991, ni mfano mwema; humo pia bafu la pamoja ni mahali pa mwanzo pa mgeni kuvuliwa kiburi pamoja na nguo.

6. SAUTI ILIYO NYUMA YA KALAMU

Hatuwezi kumhukumu Hearn bila kumtaja Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliofilisika, aliyeolewa naye mwaka 1891. Hearn hakupata kuimudu lugha ya Kijapani, hasa maandishi yake. Visa vingi vilivyomletea sifa, vikiwemo vya Kwaidan cha mwaka 1904, vilipita kinywani mwa Setsu. Katika kumbukumbu alizoziacha baada ya kifo cha mumewe, Setsu anaeleza kwamba Hearn hakutaka asomewe kitabu. Alitaka mke akielewe kisa kwanza, kisha akisimulie kwa maneno yake na fikira zake mwenyewe, mara kwa mara, hata usiku wa manane. Walizungumza kwa namna ya Kijapani waliyoijua wao tu, isiyo na viambishi wala mnyambuliko wa vitenzi, ambayo nyumbani iliitwa lugha ya Bwana Hearn.

Kwa mwanaisimu, hiki ni kioja kikubwa kuliko vyote. Kiingereza safi cha Hearn, kinachosifiwa kwa mwendo wake, kilichemka kutoka katika chungu cha lugha iliyovunjika ya mume na mke. Msimulizi wa kwanza alikuwa mwanamke, fanani wa kweli kwa maana tuitumiayo katika fasihi simulizi. Mwandishi alikuwa hadhira yake. Lakini jalada lina jina moja. Sisi tuliosoma tenzi zilizohifadhiwa kwa vinywa vya watu, kisha zikachapwa kwa majina ya waliozikusanya, hatuna sababu ya kushangaa. Tuna sababu ya kuuliza. Mapenzi ya nyumba hayafuti deni la kazi.

7. MWALIMU MWENZAKE MJINI BERLIN

Sasa nifike kwenye jibu nililoahidi. Hearn alipokuwa akifundisha Matsue na Kumamoto, mtu wa Unguja alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Amur bin Nasur alifanya kazi katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofunguliwa 1887, tangu 1891 hadi 1895. Naye aliandika juu ya mji aliouishi, na habari zake zilitoka katika mkusanyiko wa fasihi ya Kiswahili uliotayarishwa na Carl Büttner mwaka 1894, mwaka uleule wa kitabu cha kwanza cha Hearn juu ya Japani.

Walimu wawili wa lugha, wote wageni, wote kwa mkataba. Mmoja amekuwa mashuhuri duniani, mwingine anajulikana na wachache wetu. Tusikimbilie kusema kwamba ni ufundi tu uliowatenga. Hearn aliandika kwa lugha yake akiwaandikia watu wa lugha yake, mbali na macho ya wenyeji aliowaeleza. Amur aliandika kwa lugha yake, lakini wasomaji wake wa kwanza walikuwa wenyeji wenyewe, Wajerumani waliokuwa wakijifunza Kiswahili, baadhi yao wakijitayarisha kuja kututawala. Mtu anayewasimulia wenye mji habari za mji wao, nao ndio wanaomlipa, kicheko chake kina mipaka. Tusomapo Habari za Berlin, na vilevile habari za safari za Urusi za Selim bin Abakari katika mkusanyiko wa Velten wa 1901, tuwe na sikio la kusikia kilichozuiwa. Unyofu wa sentensi zao, ambao baadhi yetu tumeuita uchanga wa fani, huenda ni adabu ya mtu aliyejua kwamba anasomwa na bwana wake.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba masaibu ya mgeni ni mizani ya maandishi yake. Hearn anapoyageuza kuwa maajabu, kama katika ngoma ya Hoki, anatupa uzuri ulio na mashaka. Anapoyakubali, kama Yaizu na Oki, anatupa ukweli. Sōseki anatukumbusha kwamba kicheko kinaweza kuifanya kazi ambayo vivumishi haviwezi. Setsu na Amur wanatutaka tuulize ni nani aliyesema na ni nani aliyesomewa.

Haki inanidai niseme neno juu yangu. Wiki ya kwanza nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, nilialikwa chakula cha jioni katika nyumba ya mwalimu mmoja. Nikavua viatu mlangoni, kama nilivyolelewa. Wenyeji wote walikuwa wamevaa vyao. Nilikaa mezani saa tatu, kidole gumba kikichungulia katika soksi iliyotoboka, hakuna aliyesema neno. Barua niliyomwandikia mama usiku ule ilieleza nyumba, vitabu na chakula. Soksi sikuitaja. Kwa kipimo nilichokitumia katika makala haya, barua ile haikufaa kitu.

Napendekeza basi mambo mawili. Kwanza, masimulizi ya safari yaingizwe katika masomo yetu ya fasihi, yakianza na hayo ya akina Amur na Selim, yahakikiwe kwa fani na maudhui kama utanzu mwingine wowote. Pili, wenzetu wanaokwenda kufundisha Kiswahili ng'ambo waandike, kwa Kiswahili, kwa ajili yetu. Lugha yetu imefundishwa hata Osaka, katika chuo cha lugha za kigeni kilichounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007. Kwa hiyo mwalimu mgeni katika majira ya joto ya Japani anaweza kuwa mmoja wetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akirudi na atuambie jembe lilimponyokaje, na nani alicheka.